Asiyekuja Anafuatwa

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea karatasi ya shule niweke sahihi. Mama yake alikuwa sokoni, nami nilikuwa nimekaa nje nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikajifuta mikono, nikavaa miwani, nikasoma. Mistari mingi, yote ya kutisha watoto. Mmoja ulisema kwamba mwanafunzi atakayekosa siku tatu bila sababu ya kuandikwa atafukuzwa. Niliurudia mara mbili, maana nilidhani ni macho yangu yamezeeka. Yaani kosa la mtoto ni kutokuja shule, na adhabu yake ni kukatazwa kuja shule! Aka! Hiyo ni sawa na kumfukuza mwenye njaa jikoni kwa kosa la kutokula.

Nikamwambia mjukuu, "Rudisha karatasi yao. Waambie mimi koko wako nimekataa." Akaanza kulia, eti watamfukuza yeye. Nikamwambia wakimfukuza nitakwenda mimi mwenyewe na fimbo yangu ya kutembelea, nikae kwenye benchi lake mpaka wamrudishe. Hapo akacheka kidogo. Ndipo nikamweleza sisi tulivyosoma, na sasa nakueleza na wewe, kwa sababu naona hata watu wa umri wangu wamesahau, au wanajifanya wamesahau.

Shule yetu ilikuwa hapa hapa Kabondo. Vyumba vinne vya matofali, paa la bati. Mvua ikinyesha hakuna aliyesikia neno, tulikaa tukitazamana tu mpaka ipite. Darasani mlinuka chaki, mafuta ya mawese tuliyopakwa miguuni, na samaki wa moshi, kwa sababu mwenzangu wa benchi alikuwa msichana wa watu wa mto, kutoka upande wa Yanonge, na mama yake alikausha samaki ndani ya nyumba walimolala. Harufu ile ilikuwa ndani ya nywele zake na ndani ya madaftari yake. Mpaka leo nikipita penye samaki wa moshi nageuka kumtafuta.

Kabla ya uhuru, aliyekosa shule alichapwa siku aliyorudi. Ilikuwa hivyo bila maneno. Basi mtoto akikosa Jumatatu kwa sababu ya homa, Jumanne yupo mzima lakini anaogopa fimbo, anazunguka mtoni. Jumatano deni la fimbo limekuwa la siku mbili, ndiyo kabisa haonekani. Wengi walipotea hivyo, watoto wenye akili kutushinda sisi tuliobaki. Uhuru ulipofika, mkuu wa shule wa zamani alifungasha mizigo yake akaondoka, na tukaletewa mwalimu mpya. Alikuwa kijana mrefu wa watu wa Isangi, mtoto wa mvuvi, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni na kalamu moja aliyoichomeka mfukoni kila asubuhi. Siku ya kwanza aliikuta fimbo juu ya kabati. Akaitazama, akatuuliza ni ya nini. Tukamwambia.

"Mutoto akikosa leo, kesho anaogopa fimbo, donc anakosa tena," akasema. "Alors, hii fimbo iko nafundisha nini? Iko nafundisha kukosa!" Akaivunja kwa goti. Haikuvunjika mara ya kwanza, ilimbidi ajaribu mara tatu, na sisi tulikaa tumeshika midomo tusicheke.

Halafu akatupa sheria yake. Tulikaa watatu watatu kwenye benchi. Kila asubuhi aliita majina, na kila mmoja alisimama akajibu "Présent!" kwa sauti ya kutoka tumboni. Ukijibu kivivu alikuita tena. Benchi likiwa na pengo, wawili waliobaki walitoka saa ile ile kwenda kumfuata mwenzao nyumbani. Rudini na mtoto, alisema, au rudini na sababu mliyoiona kwa macho yenu. Sababu ya kusimuliwa hakuitaka. Na kama mtoto amezuiwa na kazi, saidieni kazi ile mpaka iishe, mje wote. Mwisho kabisa wa orodha alikuwa ameliandika jina lake mwenyewe. Alijiita, akajijibu "Présent!", akajiwekea alama, nasi tukacheka kila siku kana kwamba hatujawahi kuona.

Kuhusu kukosa alikuwa na neno moja alilolitoa kwao, kwa wavuvi. "Masomo iko wavu. Siku moja uliyokosa iko tundu moja. Samaki hahesabu matundu, moja linamutosha kupita." Nilikuwa naona kama anakuza mambo. Kisha nikaugua siku nne wakati wanafundishwa sehemu za namba, nusu na robo na jamaa zao, na nakuambia kweli, mpaka leo hesabu hizo zinanipita pembeni kama samaki huyo huyo.

Kwa sheria ile niliijua mitaa ya Kabondo yote, na majiko yake. Nimetwanga mbila za mawese mpaka viganja vikawa vya rangi ya chungwa. Nimemenya mihogo, nimebeba watoto wa watu mgongoni, nimemfukuza mbuzi wa jirani mpaka uwanja wa mpira ili mwenzetu aachiwe aende kusoma. Wazazi mwanzoni walitutazama kama wendawazimu. Baadaye walizoea, na wengine, wajanja, walimchelewesha mtoto makusudi siku ya kazi nyingi ili benchi lije kusaidia. Mwalimu aliligundua hilo, akaenda kugombana nao mwenyewe.

Zamu yangu ya kufuatwa ilikuja pia. Nililelewa na bibi yangu, koko, wa nyumba za Waislamu wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Koko alipika lituma, yaani makemba, ndizi za kupika, yaliyochemshwa yakapondwa, akawauzia wafanyakazi wa bandarini. Siku moja alipata kazi ya kupikia matanga, akanizuia nyumbani. Mambo ya shule hayakumkera, ila hakuona kwa nini yawe ya kila siku. "Hata muvua hainyeshi kila siku," alisema. Hatujamaliza hata kumenya, hodi! Wenzangu wawili wa benchi wamesimama mlangoni.

Koko akashika kiuno. "Ninyi iko polisi?"

"Hapana, koko," akajibu yule msichana wa samaki. "Sisi iko benchi."

Koko akawaachia njia. Wakaosha mikono, wakaingia kwenye kinu. Walitwanga vibaya kuliko mtu yeyote niliyemwona maishani, makemba yanarukia ukutani, chumvi wakatia mara mbili. Koko alipiga kelele, "Polepole! Lituma haina haraka!" kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini na kanga yake mdomoni. Tulifika shule saa nne, vidole vimenatana. Tangu siku ile, ikipambazuka tu alikuwa ananisukuma nje. "Toka, toka, kabla ya benchi yako kuja kuniharibia lituma." Sikukosa tena kwa mkono wake.

Kisha ukaja mwaka wa uasi. Ulikuwa mwaka wa nne tangu uhuru, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Vijana wenye majani kichwani waliingia mjini, na mji ukawa wao. Maduka yalifungwa, chumvi ikawa dhahabu, redio ikanyamazishwa au ikapiga kelele tu. Waliwatafuta makarani, waliwatafuta waliovaa tai, waliwatafuta waliojua kusoma, eti hao ndio walioila nchi. Watu walipakia vyungu kwenye mitumbwi wakakimbilia mashambani, wengine Opala, wengine mpaka Yahuma. Mabenchi yetu yakapukutika. Mwalimu aliunganisha waliobaki, watatu watatu tena, na kila asubuhi akaita orodha nzima, hata majina ambayo sote tulijua yako mbali. Akiita jina la aliyekimbia alisubiri kidogo, akaweka msalaba, akaendelea.

Koko alimsimamisha siku moja barabarani. "Mwalimu, toa hiyo kalamu mufukoni. Siku hizi kalamu inaua."

"Koko, nikitoa kalamu, nitaandika na nini nani amekuja?"

"Andika kichwani."

"Kichwa kinasahau," akasema, akamwamkia kwa heshima, akaenda zake na kalamu yake inang'aa. Mkaidi yule! Nilimpenda kwa hilo na leo bado namkasirikia kwa hilo hilo.

Asubuhi moja hakuja. Tulikaa. Jua likapanda mpaka kwenye ubao. Mama mmoja aliyeuza mikate mbele ya shule akachungulia mlangoni, akasema amemwona kwa macho yake, wamemshika njiani kwa sababu ya kalamu, wamempeleka kwenye ile nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, karibu na mto. Akatuambia turudi kwetu. Nyumba ile tuliijua. Watu wengi walikuwa wameingia pale, na wake zao walikuwa bado wanauliza.

Hakuna aliyetoka. Rejista ilikuwa juu ya meza. Mimi nilikuwa wa benchi la kwanza, basi nikainuka nikaanza kuita majina. Walisimama mmoja mmoja, "Présent!", ila sauti hazikutoka tumboni tena. Nikafika chini ya ukurasa, kwenye jina la mwalimu. Nikaliita. Nikaliita tena.

"Absent," akasema msichana wa samaki.

Tukatazamana. Mtu akauliza benchi lake ni lipi. Msichana yule akajibu, kwa hasira kama ameulizwa swali la kitoto, "Sisi wote. Iko na benchi ingine?"

Basi tukaenda. Tusidanganyane, niliogopa njia nzima. Tulitoka watoto kumi na tisa kwa mistari miwili, mimi mbele na rejista kifuani. Tulipopita kwetu koko alikuwa mlangoni. "We! Rudi hapa! Rudi hapa saa hii!" Nikamwambia, "Koko, tunamufuata mwalimu." Wazazi wengine nao walitoka wakiita, wakitukataza kwa majina yetu yote. Hatukugeuka.

Mlangoni alisimama kijana mwenye bunduki na majani kichwani. Akauliza tunaenda wapi. Nikasema tumekuja kumchukua mwalimu, amekosa shule. Akamwita mkubwa wake, naye akatoka, mtu mzima, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nani amewatuma?"

"Sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya darasa."

"Bon," akasema. "Hatoki. Muende."

Nikafungua rejista, kalamu mkononi. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, labda nilidhani kila mtu mzima anaiheshimu rejista. Nikasema, "Basi utupe sababu, papa. Niandike nini hapa?"

Alinitazama. Watu wote walioingia nyumba ile, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza sababu akiwa ameshika kalamu. Halafu damu ikampanda. Akamnyang'anya kijana bunduki, akapiga hewani. Tulikimbia kama kuku. Nyuma ya ukuta wa bandari tulihesabiana tukihema, tukakuta tupo wote, hata mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa amepoteza kiatu na analilia kiatu.

Koko alinichapa jioni ile, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Kesho yake asubuhi tulikuwa mlangoni pale tena.

"Ninyi tena!" akasema yule mkubwa.

"Bado iko absent," nikasema. "Kama ni kazi inamuzuia, tutasaidia."

Akacheka, cheko baya. Akasema ndiyo, ana kazi. Kumbe usiku wa kwanza walikuwa wamegundua mwandiko wa mwalimu, nao walihitaji karatasi za kupita njiani, maana askari wao wenyewe walikuwa wanashikana kwa kutojuana. Mwalimu aliandika karatasi usiku kucha, na siku karatasi hizo zitakapoisha, hakuna aliyeficha nini kingefuata. Nikamwambia, "Tunajua kuandika. Yeye ndiye alitufundisha."

Wakamtoa uani. Jicho moja limevimba, shati jeupe si jeupe tena. Alipotuona hakulia, hakutabasamu. Akatuhesabu kwa kidole, taratibu, kisha akauliza, "Nani anakosa?"

"Hakuna, mwalimu."

Tukaandika. Tulilala kifudifudi kwenye saruji ya ua, kumi na tisa, kwa mwandiko wa shule, herufi zimenyooka, na mwalimu akapita katikati yetu kama siku yoyote, akisahihisha. "Hii 'p' iko na mukia mufupi." Saa sita koko akaingia mlangoni na sufuria ya lituma kichwani, bila kumwomba mtu ruhusa. Akawapakulia watoto, akampakulia mwalimu, kisha akawapakulia hata wale wenye majani, huku akiwaambia waziwazi kwamba mama zao wangewaona wangeona haya. Hakuna aliyemgusa. Alasiri rundo la karatasi lilikuwa refu kuliko walivyohitaji kwa mwezi. Yule mkubwa akaligeuza geuza, akatutazama, akaonekana mtu aliyechoka.

"Muchukue mwalimu wenu," akasema. "Mutanimaliza, ninyi."

Tulimrudisha Kabondo kwa mistari miwili, yeye katikati. Asubuhi iliyofuata aliita majina, akafika kwenye jina lake. Akajiwekea misalaba miwili ya siku alizokosa, na mahali pa sababu akaandika kwamba alikuwa na kazi na darasa lilimsaidia. Ndipo akajibu "Présent!" Hatukucheka. Tulilia kama wapumbavu, na yeye akageukia ubao akaandika tarehe kwa muda mrefu sana.

Laiti ningeishia hapo. Kwa mjukuu wangu niliishia hapo.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu alisema wenzetu sita walio Opala wamekosa vya kutosha. "Benchi haiwezi kutembea mupaka kule," akasema. "Miye niko na miguu." Nilikuwa nimeficha karatasi moja ya kupita yenye mhuri. Nikamwandikia jina lake kwa mwandiko wangu bora, naye akausifu. Akatuachia kazi ya siku saba, akavuka mto asubuhi. Hakuwa amefika mbali mji ulipogeuka. Ndege zilikuja, askari wengine wakaingia, wenye majani wakakimbilia msituni, na karatasi iliyofungua njia ikawa karatasi ya kumtia mtu kaburini akikutwa nayo. Watoto wanne kati ya sita walirudi baada ya miezi. Hawakuwa wamemwona.

Majirani walimwekea matanga. Nilikataa kukaa mkekani. Nilisimama mbele ya watu wazima wote nikauliza nani amemwona kwa macho yake, na koko akanivuta nje, naye analia kuliko mimi. Sijakaa kwenye mkeka huo mpaka leo, na sitakaa. Kwangu mimi mwalimu amekosa, basi.

Shule bado ipo. Bati limebadilishwa, mabenchi sasa ni ya wawili wawili, na mtoto akikosa hakuna miguu inayotoka mlangoni kumtafuta. Siku hizi mtu mzima anaweza kukosa mwezi mzima hapa mtaani tusigonge hata mlango wake. Watu husema ni vita, ni maisha, ni watu wamekuwa wengi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu najua sheria ile ilikatikia wapi. Baada ya ndege zile tulibaki kumi na mmoja darasani. Njia ya Opala tuliijua inapoanzia, ng'ambo ya mto, na mama wa yule msichana wa samaki alikuwa na mtumbwi. Wazazi walitukataza kumfuata mwalimu. Lakini na mara ile ya kwanza walitukataza, kwa majina yetu yote, na tulikwenda. Safari hii tulitii.